Uzi Mmoja Zaidi

Chumba chetu kilikuwa kiwanda cha pamba.
Sakafu ya mbao bado ina matundu ya skrubu
palipokaa mashine, safu kwa safu,
na Januari, mabomba ya joto yakianza kunguruma,
mbao hutoa harufu ya mafuta ya zamani
kana kwamba zamu ya usiku imetoka sasa hivi.

Hapa Łódź, Jumanne na Alhamisi,
mimi na Jagna Wilczek tunafundisha darasa moja.
Yeye mchoraji. Mimi mtu wa fizikia.
Mkuu wa chuo alituozesha kwa barua ya mistari miwili
na hatujaacha kuzozana.

Siku ya kwanza nilisema: wimbi ni mlinganyo.
Akasema: wimbi ni bega la mtu anayelia.
Wanafunzi ishirini na wawili, kalamu hewani,
hawakujua waandike lipi.
"Yote mawili," akasema Jagna.
Nikafuta ubao mzima, hata tarehe.

Basi tunawafundisha kuiamuru kompyuta:
chora mstari. Geuka. Chora tena.
Rudia.
Nayo hairudishi neno. Ni mtumishi
mtiifu hadi kero:
ukimwambia atembee na usimwambie asimame
atautoboa ukuta, na wa jirani.

Kazi ya wiki ya sita ilikuwa nyota.
Geuka nyuzi mia moja na hamsini, mara kumi na mbili,
na mstari unarudi nyumbani,
nyota safi yenye ncha kumi na mbili,
nzuri kama muhuri wa serikali.
Tymek alimaliza kwa dakika nne, akalala.

Kalina Drozd, anayekuja na tramu ya kwanza kutoka Zgierz,
vidole bado vigumu kwa baridi,
aliandika mia moja na hamsini na moja.

Nyota yake ilikataa kufunga.
Kila mzunguko ulikosa mlango kidogo,
ukapita, ukarudi, ukakosa tena,
mstari juu ya mstari juu ya mstari,
hata kioo kikajaa lesi,
na katikati tundu la duara, jeusi,
ambalo hakuna aliyelichora.

"Kosa," nikasema, "sahihisha,"
nikanyoosha kidole kwenye kitufe.
Jagna akaweka kiganja chake juu ya kibodi,
kiganja chenye rangi ya bluu kwenye kucha.
"Guse uone."

Wahenga walisema kosa si kosa,
kosa ni kurudia kosa.
Binti huyu alikuwa amelirudia mara mia tatu na sitini
na darasa zima lilikuwa limesimama nyuma ya kiti chake.
Hata Tymek.

Nikaenda ubaoni. Ndicho ninachoweza.
Nikawaonyesha kwamba mia moja na hamsini na moja
haigawanyiki kwa yeyote ila nafsi yake,
haina undugu na mia tatu na sitini,
kwa hiyo lazima ibishe hodi kila mlango wa duara
kabla haijaruhusiwa kurudi kwake.
Chaki ilivunjika mara mbili.
Nilipogeuka, Jagna alikuwa anaandika
kwenye daftari lake la michoro, maneno yangu,
bila kucheka.

Kalina aliichapisha kwenye karatasi nene
akampelekea bibi yake, Genowefa,
aliyefanya kazi hapahapa, ghorofa hiihii,
miaka thelathini na moja,
akastaafu na uziwi na saa ya ukutani.
Bibi akaifuata lesi kwa ukucha, polepole,
akaishika dirishani, akaigeuza,
kisha akasema kwa ile sauti kubwa ya viziwi:
"Uzi mmoja umezidi.
Kwa kosa hili tulikatwa mshahara."

Kalina ameiandika sentensi hiyo chini ya mchoro, kwa penseli.
Jagna akampa alama kumi kwa kumi.
Mimi nikampa tisa.

Ile moja niliyoikata
imenikalisha macho tangu Alhamisi.